Sentimita Arobaini na Moja

Tulilinunua mnadani, mwezi wa Machi,
theluji bado imeng'ang'ania ua wa kambi,
mimi na baba na bahasha ya pesa za magogo.
Praga, lori la ekseli tatu, zote zinavuta,
rangi yake kijani kisichofanana
na kijani cha jani lolote duniani.
"Hili halijaona vita," akasema afisa wa ghala,
kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.
Baba akalipiga tairi teke, mara moja.
"Ndiyo maana nalitaka."

Huku kwetu, juu ya mto Bečva, milima si mirefu
ila ina kisirani: udongo unateleza kama mrenda,
trekta la jirani Vendelín limeshabiringika mara mbili.
Lori hili tumbo lake liko juu, linavuka visiki
kama mama anayevuka dimbwi, gauni mkononi.

Wiki mbili za kwanza, kufungua tu.
Nati iliyolala miaka thelathini haiamki kwa amri.
Unaitia mafuta, unaingoja, unaipasha moto,
unaitukania bibi yake, kisha unaibembeleza,
na siku isiyo siku inasema krii,
nawe unaipokea kiganjani kama jino la mtoto.

Tuling'oa mabenchi ya askari.
Mbele nikachomelea winchi ya wauza vyuma wa Ostrava,
nyuma kreni ya kupakilia, na baba akipima kila kitu mara tatu.
Mimi nikaongeza taa sita juu ya paa
na bomba refu la kuvutia hewa, tuvuke mito.
"Mito ipi? Miti iko nchi kavu."
"Jumapili, baba."
"Jumapili gari linapumzika."
"Jumapili gari linacheza."
Hakujibu. Asubuhi nikakuta amezifunga upya zile taa,
zimenyooka kuliko nilivyoweza.

Nilipobandua kiti cha dereva nikishone upya,
katika sponji iliyooza nikavuta utepe
wa fundi cherehani, wa njano, umekatwa.
Ulibaki na sentimita arobaini na moja.
Nikacheka: "Nani alishona nguo humu?"
Baba akazima grainda.
Akasema zamani zao, jeshi likiwa lazima,
kila kijana alinunua utepe kama huu
zikibaki siku mia na hamsini arudi kwao,
na kila jioni mkasi ulikula sentimita moja.
Wa kwake uliisha Septemba, ndani ya treni;
kipande cha mwisho alikitia kwenye bia, akakinywa.
"Na huyu?"
Akauinua utepe kwenye taa, akausoma kama barua.
"Huyu alibakiwa na siku arobaini na moja."
"Alihamishwa?"
"Labda."
"Aliupoteza?"
"Labda aliupoteza."
Akawasha grainda. Cheche ziliruka muda mrefu,
wala sikuona alichokuwa akikata.

Rangi hatukubadili. Mimi nilitaka ya chungwa,
nikanunua hata kopo; bado liko rafuni, halijafunguliwa.
Utepe nikaurudisha kwenye sponji mpya,
nikashona juu yake, mshono wa kubana.

Jumapili ya kwanza ya Juni, machimbo ya mawe ya zamani,
moshi wa soseji, na wendawazimu wenzangu na mikweche yao.
Nikazama hadi ekseli, nikakanyaga mafuta, nikazama zaidi.
"Usikanyage," akasema baba. "Lisikilize."
Akashuka mwenyewe, mwenye miaka sitini na minane,
akauzungusha mkanda kwenye msonobari, akanipungia kofia.
Winchi ikalia, waya ukakaza, na lile dude
likapanda kutoka shimoni likitiririka tope
hadi puani, hadi kwenye taa sita.
Baba akapanda, uso mzima wa kahawia, meno tu.
Akapiga dashibodi kwa kiganja, mara moja.
"Tena."

Jumatatu tulishusha magogo kumi na manne,
tope kavu likimeguka njiani
hadi kwenye lango la kiwanda cha mbao.